Klasta ya PostgreSQL inapogoma: dalili, vyanzo, na wapi pa kuanza kushika

Naongelea ule mfumo ambao wengi tunaufunga siku hizi, yani seva tatu zina databesi ya PostgreSQL, kila moja ina Patroni ya kuisimamia, etcd ndo inatunza kumbukumbu ya nani kiongozi (anayepokea maandishi, wengine ni replika, yani nakala zake), alafu HAProxy inakaa mbele inapokea koneksheni za programu na kuzipeleka kwa kiongozi. Kama we unatumia Pacemaker au kitu kingine amri zitakuwa tofauti ila vyanzo vingi ni vilevile, manake mambo ya kuangalia ni matatu tu: nani anaamua kiongozi, data inafikaje kwa replika, na programu inajuaje pa kwenda. Yafuate kwa mpangilio huohuo. Tatizo ninaloliona sana ni mtu kukimbilia la pili wakati ugonjwa uko kwenye la kwanza: replika imesimama, anaifuta aijenge upya, kumbe etcd haina akidi na hata ajenge replika kumi hamna itakayonyanyuka.

Kabla ya yote: usiristati

Najua mkono unawasha ila subiri. Ukisimamisha Patroni kwenye kiongozi na klasta haiko kwenye hali ya matengenezo, PostgreSQL nayo inazimwa, kwa hiyo ristati ya haraka inaweza kukuzimia databesi pekee iliyokuwa bado inafanya kazi. Kusanya hali kwanza, na ukusanye kwenye seva zote tatu sio ile moja unayoishuku, kwa sababu mara nyingi kila seva inaona picha yake:

```
patronictl -c /etc/patroni/patroni.yml list
etcdctl endpoint status --cluster -w table
journalctl -u patroni --since "2 hours ago"
```

Kwenye jibu la amri ya kwanza angalia safu ya TL, hiyo ni timeline, inaongezeka kila replika inapopandishwa kuwa kiongozi. Seva moja ikiwa na namba tofauti na wenzake ushapata uzi wa kuvuta. Angalia pia chini kabisa ya jedwali kama kuna maneno `Maintenance mode: on`. Hayo maneno yamepotezea watu usiku mzima, ntayarudia.

Patroni inasubiri tu, hakuna kiongozi hata mmoja

Hapa achana na PostgreSQL kabisa, nenda etcd. Akidi ya etcd ni zaidi ya nusu ya wanachama, kama kikao cha bodi, wasipofika zaidi ya nusu hakuna uamuzi unaopita. Wanachama 3 wanahitaji 2 wawe hai, 5 wanahitaji 3, na wanachama 4 wanahitaji 3, yani ukiongeza wa nne hujapata uvumilivu wowote wa ziada, bado unaweza kupoteza mmoja tu. Wanachama 2 ndo mbaya kuliko yote kwa sababu wanahitaji wote 2, seva yoyote ikifa klasta nzima inaganda, kwa hiyo umelipia seva mbili ukapata hatari kubwa kuliko ya seva moja. Kama una seva mbili tu za databesi tafuta mashine ndogo ya tatu uweke etcd peke yake, haihitaji PostgreSQL, inahitaji diski nzuri na mtandao wa kuaminika.

Kama wanachama wote wako hai na `etcdctl` inasema kila kitu kizuri lakini Patroni inalalamika haioni etcd, angalia jina la sehemu kwenye `patroni.yml`. Ukiandika `etcd:` Patroni inatumia API ya zamani ya v2, na kuanzia etcd 3.4 hiyo v2 imezimwa kwa difolti. Andika `etcd3:`. Herufi moja tu hiyo na watu wanabomoa fayawoli nzima wakitafuta poti iliyofungwa.

Nyingine inayochanganya ni `advertise-client-urls` ya etcd kuachwa ikiwa `http://localhost:2379`. Patroni inaanza na anwani ulizoiandikia, alafu inaiuliza etcd orodha ya wanachama wake, inajibiwa "localhost", na kuanzia hapo inajipigia yenyewe. Kwenye seva yenye etcd inaonekana kama inafanya kazi, kwenye seva isiyo na etcd inakufa papo hapo. Weka anwani halisi ya kila seva.

Kuhusu poti, zinazotakiwa kupitika kati ya seva ni 2379 na 2380 za etcd, 8008 ya Patroni na 5432 ya PostgreSQL. Zijaribu kutoka kila upande kwenda kila upande, usiridhike na njia moja, kwa sababu fayawoli ya db1 inaweza kuwa sawa na ya db3 ikawa imefungwa.

Na kama etcd yenyewe haitaki kuanza inalalamika `cluster ID mismatch`, hiyo ni seva iliyobaki na folda ya data ya jaribio la zamani. Futa data ya huyo mwanachama MMOJA, mtoe kwa `etcdctl member remove`, mwongeze upya kwa `member add` na aanze na `initial-cluster-state: existing`. Usifute kwenye seva zote tatu kwa pamoja eti uanze upya kwa usafi wakati PostgreSQL ina data za kweli.

Kiongozi anajishusha mwenyewe, hasa usiku

Hii ndo dalili ninayotaka tuikalie, manake ndo inayofanya watu waseme hizi klasta hazifai. Databesi iko nzima, CPU iko chini, alafu ghafla kwenye logi inatokea:

```
demoting self because DCS is not accessible and I was a leader
```

DCS hapo ni etcd. Ili uielewe lazima ujue kufuli la kiongozi linavyofanya kazi. Kiongozi anashika kufuli ndani ya etcd lenye muda wa kuishi, `ttl`, ambao kwa difolti ni sekunde 30. Kila `loop_wait`, sekunde 10, Patroni inalihuisha. Ikishindwa inajaribu tena ndani ya `retry_timeout`, nayo sekunde 10, na ikishindwa kabisa inajishusha yenyewe hata kama databesi haina tatizo lolote, kwa sababu haiwezi kujua kama wenzake huko wameshachagua kiongozi mwingine. Kujishusha huko sio hitilafu ya Patroni, ndo kinga yenyewe dhidi ya kuwa na viongozi wawili. Swali la kuuliza ni kwa nini etcd haikujibu.

Na jibu mara nyingi sana ni diski. etcd haithibitishi maandishi mpaka yamelala kwenye diski kweli, inafanya fsync kila mara, na ushauri wa watengenezaji wake ni kwamba asilimia 99 ya hizo fsync ziwe chini ya milisekunde 10. Sasa we umeiweka diski moja na PostgreSQL, saa nane usiku bakapu inaanza, checkpoint kubwa (PostgreSQL kumwaga mabadiliko yake kwenye diski) inapita, diski inajaa foleni na etcd inakaa kusubiri zamu yake. Wanachama wanatumiana mapigo kila milisekunde 100 na wakikosa mapigo kwa milisekunde 1000 wanaanza uchaguzi mpya, kwa hiyo sekunde mbili tatu za diski kuganda zinatosha kabisa kuvuruga uongozi wa etcd. Tafuta kwenye logi ya etcd maneno `took too long` na `failed to send out heartbeat on time`, alafu linganisha saa zake na ratiba ya bakapu. Kipimo chenyewe kinaitwa `etcd_disk_wal_fsync_duration_seconds`, kiweke kwenye monita yako leo, usisubiri siku ya shida.

Dawa ni kuipa etcd diski yake, na nasisitiza diski yake, sio patisheni nyingine kwenye diski ileile. Ukishindwa kabisa punguza kasi ya bakapu au ichukue kutoka kwa replika badala ya kiongozi.

Kama seva zako ni mashine pepe angalia na snapshot (kupiga picha ya mashine nzima). Wakati wa snapshot mashine inaweza kugandishwa sekunde kadhaa, ndani yake yenyewe haijui kama imeganda, inaamka inakuta muda wa kufuli umepita. Dalili yake ni pengo kwenye logi: mistari inakwenda kila sekunde 10 alafu kuna shimo la zaidi ya sekunde 30 bila kosa lolote kuandikwa. Ukiona shimo kama hilo kaongee na anayesimamia hypervisor, yani programu inayoendesha hizo mashine pepe.

Wengi wanachofanya ni kupandisha `ttl` iwe 120 na tatizo linaonekana limeisha. Limejificha tu, na bei yake ni kwamba siku kiongozi anakufa kweli utakaa hadi dakika 2 hivi bila kuandika chochote kabla mtu hajachukua nafasi. Ukibadilisha, kumbuka kanuni: `ttl` isiwe ndogo kuliko `loop_wait` ukijumlisha `retry_timeout` mara mbili. Na kama seva zako ziko miji tofauti basi pandisha mapigo ya etcd kwanza, yakaribiane na muda wa kwenda na kurudi kati ya seva, na muda wa uchaguzi uwe kama mara kumi ya muda huo.

Patroni 3.0 ilileta `failsafe_mode`. Ukiiwasha, etcd ikipotea kabisa kiongozi anawauliza wanachama wote moja kwa moja kupitia poti 8008, wakimjibu wote anaendelea kuwa kiongozi bila kujishusha. Mi naiona ni ya kuwasha karibu kila mahali, ila elewa kwamba lazima wajibu wote, akikosekana mmoja anajishusha kama kawaida.

Bado moja hapa. Ukiona `mvcc: database space exceeded` ujue etcd imejaa, kikomo cha difolti ni GB 2. Utajiuliza imejaaje wakati Patroni inaandika vitu vidogo, ni kwa sababu etcd inatunza historia ya kila badiliko na Patroni inaandika kila sekunde chache miezi na miezi, na usafishaji wa yenyewe umezimwa kwa difolti. Fanya `etcdctl compact` kwa namba ya revision ya sasa, alafu `etcdctl defrag` mwanachama mmoja mmoja, mwisho `etcdctl alarm disarm`, manake usipoondoa hiyo alamu itaendelea kukataa kuandika hata kama nafasi ipo. Kisha weka `auto-compaction-retention` isijirudie.

Kiongozi kafa na hakuna anayechukua nafasi

Kwanza yale maneno, `Maintenance mode: on`. Mtu alifanya `patronictl pause` siku ya kupandisha toleo akasahau `resume`. Failova yote (kuhamisha uongozi kiongozi akifa) inakuwa imezimwa na klasta inaonekana nzima siku zote mpaka siku unapoihitaji.

Pili, labda kiongozi hajafa kwa macho ya Patroni. Ikiwa ni PostgreSQL tu iliyoanguka na Patroni bado iko hai kwenye seva hiyo, inajaribu kwanza kuinyanyua palepale, na inajipa muda wa `primary_start_timeout` ambao ni sekunde 300. Databesi iliyoanguka ikiwa na WAL (kumbukumbu za kila badiliko la data) nyingi za kupitia inaweza kumaliza dakika zote hizo 5 huku replika zinaangalia tu. Kama kwako huo ni muda mrefu, punguza.

Tatu, replika ziko nyuma kupita kiasi. `maximum_lag_on_failover` kwa difolti ni 1048576, hizo ni baiti, yani MB 1, na databesi yenye maandishi mengi inapita hapo kirahisi sana. Kwenye logi ya replika utaona `i am not the healthiest node`. Usikimbilie kupandisha hiyo namba bila kufikiria, kila MB unayoongeza ni data ambayo umekubali ipotee. Tafuta kwanza kwa nini replika inabaki nyuma.

Nne, `synchronous_mode` (kiongozi anasubiri replika ipokee kwanza) imewashwa na replika iliyokuwa sawasawa na kiongozi ndo imekufa naye pamoja, kwa hiyo aliyebaki haruhusiwi. Hapo ni uamuzi wa binadamu, `patronictl failover` kwa mkono, ukiwa unajua kwamba miamala ya mwisho huenda haipo.

Na tano kwa haraka: tag ya `nofailover: true` iliyobaki kwenye seva, au watchdog (kifaa cha kuristati seva ikiganda) imewekwa `required` na mtumiaji postgres hana ruhusa ya kugusa `/dev/watchdog`, seva hiyo itakataa kuwa kiongozi maisha yake yote.

Viongozi wawili kwa wakati mmoja

Patroni ikiachwa ifanye kazi yake hii ni nadra. Inapotokea karibu kila mara kuna mkono mwingine: huduma ya `postgresql` ya mfumo iliachwa imewashwa kwenye systemd, seva ikaamka na ikawasha databesi kabla ya Patroni, au mtu aliona klasta imeganda akapandisha replika kwa `pg_ctl promote`. Fanya `systemctl disable` kwa huduma ya PostgreSQL kwenye seva zote, anayeruhusiwa kuiwasha ni Patroni peke yake.

Aina nyingine ni ya IP ya pamoja. Kama unatumia keepalived na IP imeonekana kwenye seva mbili, manake hawasikilizani. VRRP, ambayo ndo keepalived inaongea, sio TCP wala UDP, ni protokali namba 112, kwa hiyo ukifungua poti tu kwenye fayawoli hujafungua kitu. Inatumia multicast kwenda 224.0.0.18, na mitandao mingi ya wingu haipitishi multicast, huko lazima uweke `unicast_peer`. Hakikisha pia `virtual_router_id` yako haijatumika na mtu mwingine kwenye mtandao huohuo.

Ukishakuta wawili wote wamepokea maandishi, tulia. Kata programu kwanza, zima yule ambaye hatabaki kuwa kiongozi, na KABLA hujamrudisha kwenye klasta nakili folda yake yote ya data mahali salama. `pg_rewind` (kumrudisha nyuma alingane na kiongozi) na `reinit` (kumjenga upya) zote zitafuta yale maandishi yaliyoko kwake peke yake, na baada ya hapo hakuna namna ya kuyajua. Nimeona watu wanaharakisha hapa kwa sababu jedwali linapendeza likirudi kijani, ila hayo ni malipo na rekodi za watu, yatolewe kwa mkono kwenye ile nakala kwanza.

Replika imesimama au inabaki nyuma

Soma logi ya PostgreSQL ya replika, yenyewe inasema waziwazi.

Ukikuta `requested WAL segment ... has already been removed`, replika ilikuwa chini muda mrefu na kiongozi ameshafuta WAL ilizokuwa inazihitaji. Kama una hifadhi ya WAL iliyosanidiwa na `restore_command` itajinyanyua yenyewe, kama huna basi `patronictl reinit`. Kwa baadaye kuna `wal_keep_size` na kuna sloti, yani alama kwa kiongozi kwamba replika fulani bado inahitaji WAL. Sloti zinalinda replika ila zina sumu yake: replika ikipotea na sloti ikabaki, kiongozi anaendelea kuhifadhi WAL mpaka diski inajaa na databesi inazima. Angalia:

```
select slot_name, active, restart_lsn, wal_status from pg_replication_slots;
```

Sloti isiyo `active` na `restart_lsn` yake iko nyuma sana ndo mhalifu. Weka `max_slot_wal_keep_size`, ipo kuanzia PostgreSQL 13, uwe na kikomo. Na diski ikijaa kwa ajili ya `pg_wal`, tafadhali sana usiingie kwenye hiyo folda ukafuta faili kwa mkono hata moja, hizo sio logi za kusomwa, ni data, ukizifuta databesi inaweza isiamke tena. Ondoa sloti iliyokufa, PostgreSQL itasafisha yenyewe kwenye checkpoint inayofuata.

Ukikuta `no pg_hba.conf entry for replication connection`, kumbuka neno `all` kwenye safu ya databesi haliingizi replikesheni, lazima uandike mstari wake wenye `replication`, na seva zote tatu ziwe na anwani za wenzake wote. Hii inapenda kujitokeza baada ya failova ya kwanza, kwa sababu siku zote aliyekuwa anapokea ni db1 tu, na yeye ndo aliyesanidiwa vizuri.

Ukikuta `is not in this server's history`, huyo ni kiongozi wa zamani ambaye historia yake imeachana na ya mpya. Weka `use_pg_rewind: true` ili wakati mwingine ajirudishe mwenyewe. `pg_rewind` inataka `wal_log_hints` au cheksamu za data ziwe zimewashwa tangu kabla ya ajali, baada ya ajali umechelewa na dawa ni `reinit`.

`system ID mismatch` manake seva hiyo ilianzishwa databesi yake peke yake kwa `initdb`. Hakikisha haina data ya maana, futa folda ya data, Patroni itanakili upya.

Na ukikuta replika imekataa kwa sababu `max_connections` yake ni ndogo kuliko ya kiongozi, usihariri `postgresql.conf` kwa mkono. Vitu kama hivyo vinabadilishwa kwa `patronictl edit-config`, na hapa kuna jambo linasumbua karibu kila mgeni wa Patroni: sehemu ya `bootstrap: dcs:` kwenye `patroni.yml` inasomwa mara moja tu, siku klasta inazaliwa. Ukibadilisha `ttl` humo baada ya hapo hakuna kitakachotokea, bila kosa wala onyo.

Programu inasema `cannot execute INSERT in a read-only transaction`

Klasta iko sawa, imepata kiongozi mpya, programu ndo iko kwa replika. Angalia HAProxy kama inapima kweli nani kiongozi au inaangalia tu kama poti 5432 iko wazi, manake kwa replika nayo iko wazi. Inatakiwa iulize Patroni:

```
option httpchk OPTIONS /primary
http-check expect status 200
default-server inter 3s fall 3 rise 2 on-marked-down shutdown-sessions
server db1 10.0.0.11:5432 check port 8008
```

Kiongozi anajibu 200, wengine 503, kwa hiyo kuona seva mbili nyekundu kwenye ukurasa wa HAProxy ni kawaida, usihangaike nazo. Zikiwa nyekundu zote tatu, ama `restapi: listen` umeiacha kwenye 127.0.0.1, ama SELinux inaizuia HAProxy, na hiyo inafunguliwa kwa `setsebool -P haproxy_connect_any 1`.

Yale maneno `on-marked-down shutdown-sessions` usiyaache. Bila hayo koneksheni za zamani kwenye puli zinabaki zimeshikana na kiongozi aliyeshushwa, mpya zinakwenda sawa, kwa hiyo unapata kosa mara moja katika kila maombi kadhaa na hakuna anayeelewa kwa nini. Kama huna HAProxy na unatumia libpq (maktaba ya PostgreSQL ya koneksheni), orodhesha seva zote kwenye anwani ya koneksheni na uweke `target_session_attrs=read-write`.

Kuna na ile ya programu kuganda bila kosa lolote. Seva ya kiongozi ilikatika umeme, haikupata nafasi ya kufunga koneksheni, na upande wa pili TCP inaendelea kusubiri. Linux kwa difolti inaanza kuulizia koneksheni iliyonyamaza baada ya sekunde 7200, masaa 2 hayo. Weka `keepalives_idle` na `tcp_user_timeout` kwenye koneksheni za programu ziwe sekunde chache, ila angalia vizio, ya kwanza inahesabu kwa sekunde na ya pili kwa milisekunde.

Failova imepita vizuri ila data ina mambo ya ajabu

Dalili ya kwanza: mtumiaji anasema alihifadhi kitu na hakipo. Replikesheni ya difolti haisubiri, kiongozi anamjibu mtumiaji "tayari" kabla replika haijapokea, akifa hapo katikati kile kipande kimekwenda naye. Kama data yako haivumilii hilo washa `synchronous_mode`. Fahamu tu kwamba replika zikiisha Patroni inaacha kusubiri ili maandishi yaendelee, ukitaka isimame kabisa kuna `synchronous_mode_strict`, na ukiiwasha hiyo usishangae siku replika zote ziko chini `COMMIT` zinaganda, ndo ulichoomba.

Dalili ya pili inatisha zaidi: unatafuta jina ambalo unajua lipo, halitoki, ukizuia indeksi linatoka. Au safu ya kipekee imeanza kupokea majina yanayojirudia. Uliza kama seva zote zina mfumo endeshi wa toleo moja. glibc (maktaba kuu ya Linux) 2.28 ya mwaka 2018 ilibadilisha mpangilio wa herufi, Debian 10 na RHEL 8 zinayo, za kabla yake hazina. Replikesheni inanakili indeksi baiti kwa baiti, kwa hiyo indeksi iliyopangwa kwa sheria za seva ya zamani inasomwa kwa sheria mpya na utafutaji unapotea njia. Kagua kwa `bt_index_check` ya kiendelezi cha amcheck, fanya `REINDEX` kwa indeksi zote za maandishi, na baada ya hapo ndo ufanye `ALTER DATABASE ... REFRESH COLLATION VERSION`, usiianze hiyo kwa sababu itafuta onyo na kuacha ugonjwa.

`canceling statement due to conflict with recovery` kwenye replika sio klasta kuharibika, ripoti yako ndefu imegongana na usafishaji. Ongeza `max_standby_streaming_delay` kutoka sekunde 30 kwenye replika ya ripoti peke yake.

Ukishatengeneza, ijaribu hivi

`patronictl switchover` haitoshi, na `systemctl stop patroni` nayo haitoshi, manake zote zinaachia kufuli kistaarabu na kiongozi mpya anapatikana ndani ya sekunde chache. Jaribu tatu tofauti ukiwa na kijiprogramu kinaandika mstari kila sekunde kupitia HAProxy: ua PostgreSQL kwa `kill -9` uone Patroni inavyoinyanyua palepale, zima seva nzima ya kiongozi ghafla uone kama kweli ule muda wa `ttl` ndo unaoupata, alafu kata mtandao wa kiongozi tu huku seva ikiwa inawaka, uingie kwa konsoli uhakikishe imejishusha yenyewe. Hilo la tatu ndo gumu na ndo linaloshindikana mara nyingi. Ukirudisha mtandao, subiri mpaka seva zote tatu zionyeshe TL moja, hesabu mistari iliyoandikwa na iliyokubaliwa, na pitia `pg_replication_slots` kwa kiongozi mpya uone kama hakuna iliyobaki bila mwenyewe.